BANDU BANDU HUISHA GOGO
Jinsi ya Kupima Uchovu wa Chuma Kilichochomelewa

 

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Gogo tunalijua: shoka likilipiga mara nyingi, mwishowe litakwisha. Lakini je, chuma nacho? Chuma ambacho hakijaliwa na kutu, ambacho kimebeba mzigo mdogo kuliko uwezo wake, kinaweza kwisha hivi hivi kwa kusukumwa kidogo kidogo? Jibu ni ndiyo, na hapa mtaani Umoja tuna sababu nzuri ya kulielewa jibu hilo.

Tembea kutoka barabara ya Outer Ring ukiingia ndani hadi Innercore, uhesabu vyuma vilivyochomelewa. Kuna mageti, grili za madirisha, ngazi za kupandia ghorofani, vibanda vya mboga, mikokoteni ya maji, na matatu zenyewe zinazotupeleka tauni. Karibu vyote vimeunganishwa kwa moto wa fundi wa jua kali. Vingine hukaa kimya tu maisha yake yote, kama grili. Lakini vingine husukumwa, huvutwa na kutikiswa kutwa kucha. Hivyo ndivyo vinavyochoka.

KISA CHA BEMBEA

Mwanzoni mwa likizo ya Desemba, wazazi wa ploti yetu walichanga pesa wakamwita fundi awatengenezee watoto bembea. Kazi ilikuwa safi. Bomba nene juu, miguu minne imara, minyororo miwili, na kiti cha tairi kuukuu. Minyororo ilishikwa na masikio mawili ya chuma bapa, yaliyochomelewa chini ya bomba. Siku ya kufungua, fundi na kijana wake waliing'ang'ania wote wawili kwa pamoja, wakaning'inia. Bembea haikutikisika. Tukapiga makofi.

Wiki ya pili ya Januari sikio moja lilikatika. Aliyekuwa juu yake ni msichana wa miaka sita. Alivunjika mkono.

Jioni hiyo maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema, "Huyu fundi ametumia rodi za bei rahisi." Mwingine akasema, "Hii chuma ya siku hizi ni fake." Mama mmoja akalaumu vijana wakubwa wanaosimama juu yake. Fundi, mzee wa makamo, alisimama akitazama lile sikio mkononi mwake, akasema kwa upole, "Lakini si mliniona nikining'inia hapa? Mimi na huyu kijana wangu. Mtoto wa miaka sita ana uzito gani?"

Swali la mzee lilikuwa zuri kuliko lawama zote. Kwa nini kiungo kilichobeba wanaume wawili kilishindwa na mtoto mmoja? Makala hii inajaribu kumjibu.

1. CHUMA KUCHOKA NI NINI?

Chukua hanga ya nguo ya waya. Ivute kwa nguvu zako zote, haikatiki. Sasa ikunje mbele na nyuma mahali pamoja. Baada ya muda mfupi, inakatika kwa vidole viwili tu. Hukuongeza nguvu, umeongeza idadi.

Hicho ndicho wahandisi hukiita uchovu wa chuma. Kila mara mzigo unapokuja na kuondoka, mahali fulani dhaifu panafunguka kiasi kidogo sana, pengine sehemu ndogo ya unene wa unywele. Panaanza ufa. Mzigo wa pili unausogeza mbele, wa tatu vivyo hivyo. Kwa muda mrefu huoni chochote. Halafu siku moja chuma kilichobaki kizima kinakuwa kidogo mno, na mzigo wa kawaida kabisa, hata mtoto mmoja, unamalizia.

Jambo hili liligunduliwa kwa uchungu. Mnamo Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles, kule Ufaransa, ilivunjika ekseli ya kichwa chake. Zaidi ya watu 50 walikufa. Ekseli ile ilikuwa imebeba mzigo uleule siku nyingi bila shida. Baadaye mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa na mzigo, akahesabu mizunguko hadi zivunjike. Aligundua mambo mawili ambayo yanatufaa hadi leo. Kwanza, chuma huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule unaokivunja kwa mara moja, mradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Pili, kinachoua zaidi ni tofauti kati ya mzigo wa juu na wa chini, si ukubwa wa mzigo peke yake.

Kwa hivyo fundi alipoining'inia bembea mara moja, alipima nguvu. Hakupima uchovu. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, kama vile kumpima mkimbiaji kwa kumwambia anyanyue gunia.

2. KWA NINI MCHOMO HUCHOKA KABLA YA CHUMA CHENYEWE?

Utauliza, "Kwani mchomo si imara kuliko chuma?" Ukiuvuta mara moja, mchomo mzuri huwa imara kama chuma chenyewe, na pengine kukishinda. Lakini mbele ya uchovu, kiungo cha kuchomelea ni mnyonge kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo. Tazama mchomo kwa karibu. Kuna mahali unapokutana na bamba, kwenye ukingo wake. Hapo pana kona. Mkazo ndani ya chuma hupita kama maji mtoni, na penye kona kali hujikusanya na kuwa mkali. Nyufa nyingi huanzia pale ukingoni. Nyingine huanzia shinani, yaani ndani chini ya mchomo, pale ambapo moto haukupenya na vyuma viwili vimebaki vimegusana tu bila kushikana. Hizi za shinani ni hatari zaidi maana huzioni hadi zitokeze nje.

Sababu ya pili ni kasoro. Kila mchomo, hata wa fundi hodari, huacha vijitundu, magamba yaliyozama na mikwaruzo midogo ukingoni. Chuma kitupu kilicholaini hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kabla ya kuanza ufa. Kiungo cha kuchomelea huanza maisha kikiwa tayari na kitu kinachofanana na ufa.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho. Mchomo ukipoa hunywea, lakini bamba lililo kando yake limepoa na halitaki kusogea. Basi mchomo unabaki umevutwa kama kamba ya gitaa, hata kabla ya mtu kuweka mzigo wowote. Mvuto huo uliobaki unaweza kukaribia nguvu yote ya chuma. Ndiyo maana kwa viungo vya kuchomelea wahandisi huangalia hasa tofauti ya mkazo, yaani mkazo wa juu ukitoa ule wa chini.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Ukinunua chuma ghali chenye nguvu maradufu, kiungo chako hakitaishi maradufu. Ufa ukishakuwepo, husafiri karibu kwa mwendo uleule katika aina zote za chuma cha ujenzi. Kwa hivyo yule jirani aliyesema "hii chuma ni fake" huenda angenunua chuma bora zaidi mjini, na bembea ingeanguka vilevile.

3. KANUNI YA NANE

Sasa tuingie kwenye hesabu. Usiogope, ni ya darasani tu.

Mkazo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tutaupima kwa nyutoni kwa kila milimita mraba, kwa kifupi N/mm². Chuma cha kawaida cha fundi huanza kujikunja moja kwa moja kwenye mkazo wa takriban 250 N/mm².

Wahandisi wamevunja maelfu ya viungo katika maabara, wakavipanga katika makundi. Kanuni za Ulaya za ujenzi wa vyuma hulipa kila kundi namba. Namba hiyo ni tofauti ya mkazo ambayo kiungo kinaweza kuivumilia kwa mizunguko milioni 2. Chuma kitupu kilichotoka kiwandani kinaweza kuwa kundi 160. Bamba lililochomelewa vizuri, mchomo ukapenya wote, linaweza kuwa karibu na kundi 71. Mchomo wa juujuu usiopenya, ambao huvunjikia shinani, ni kundi 36. Angalia hapo: fundi hajabadilisha chuma, lakini kutoka 160 tumeshuka hadi 36.

Kanuni yenyewe ni hii:

Mizunguko = 2,000,000 × (namba ya kundi ÷ tofauti ya mkazo) kwa kipeo cha tatu.

Kipeo cha tatu ndicho chenye siri. Ukiongeza mkazo mara mbili, maisha hayapungui mara mbili. Yanapungua mara 2 × 2 × 2, yaani mara nane. Na ukipunguza mkazo nusu, maisha yanaongezeka mara nane. Mimi naiita kanuni ya nane. Ukisahau yote mengine katika makala hii, hiyo usiisahau.

4. HESABU YA BEMBEA YETU

Tuchukue mtoto mkubwa wa kilo 50. Uzito wake ni nyutoni 500. Mnyororo una urefu wa mita 2, na anapaa hadi nyuzi 45 kila upande.

Kwanza, muda wa mzunguko mmoja. Bembea ni pendulamu, kama ile ya maabara ya Fizikia. Muda wake ni 2π mara kipeuo cha pili cha urefu gawanya kwa 10. Kwa mita 2 tunapata sekunde 2.8. Katika saa moja ni mizunguko kama 1,280. Likizo, watoto wakipokezana kwa saa tano kwa siku, ni mizunguko 6,400. Haba na haba hujaza kibaba!

Pili, kani inayolikunja sikio. Bembea ikienda mbele, mnyororo hulivuta sikio mbele. Ikirudi, hulivuta nyuma. Ukikokotoa, mvuto huo wa mbele na nyuma hufikia takriban sehemu 0.6 ya uzito, yaani nyutoni 300. Masikio ni mawili, hivyo kila moja hupata 150 mbele, kisha 150 nyuma. Tofauti ni nyutoni 300 kwa kila sikio.

Tatu, momenti. Tundu la mnyororo liko milimita 60 chini ya mchomo. Momenti ni 300 × 60 = 18,000.

Nne, umbo la sikio. Bapa lile lilikuwa na upana wa milimita 40 na unene wa milimita 6. Sasa chukua rula yako. Ishike kwa bapa lake, uikunje: inakunjika kirahisi. Igeuze usimamishe ukingo wake, uikunje upande huo: haikubali. Chuma ni kilekile lakini upande ni mwingine. Uwezo wa bapa kukataa kukunjwa ni upana mara unene mara unene, gawanya kwa 6, na "unene" hapa ni ule wa upande linakokunjwa.

Fundi wetu aliyachomelea masikio bapa likitazama mbele, kama uso wa mtu anayebembea. Kwa hivyo uwezo ulikuwa 40 × 6 × 6 ÷ 6 = 240. Mkazo ukawa 18,000 ÷ 240 = 75 N/mm².

Hiyo 75 ni tofauti nzima, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa upande mmoja ni 37.5 tu. Hata ukiongeza ule uzito wa kuning'inia wima, haufiki sehemu moja kwa sita ya nguvu ya chuma. Ndiyo maana fundi aliridhika. Angetazama nguvu peke yake, yeyote kati yetu angeridhika.

Sasa weka uchovu. Tuchukue kwamba mchomo ulikuwa wa juujuu, kundi 36, na unene wa mchomo ni sawa na wa bapa:

2,000,000 × (36 ÷ 75) kwa kipeo cha tatu = mizunguko 221,000 hivi.

Gawanya kwa 6,400 kwa siku. Unapata siku 35.

Iliwekwa mwanzoni mwa Desemba, ikaanguka wiki ya pili ya Januari. Sidai kwamba hesabu yangu ni sahihi hadi siku. Watoto wana uzito tofauti, na siku nyingine mvua hunyesha. Lakini hesabu ilitosha kutuonya kwamba kazi hii itapimwa kwa wiki, si kwa miaka.

Je, fundi angechomelea vizuri zaidi, mchomo ukapenya na kufika kundi 71? Tungepata mizunguko 1,697,000 hivi, kama siku 265. Hiyo ni miezi tisa. Ni afadhali, lakini bado ingeanguka.

Na je, angegeuza tu sikio, likasimama kama rula kwa ukingo wake? Uwezo ungekuwa 6 × 40 × 40 ÷ 6 = 1,600. Mkazo ungeshuka hadi 11 N/mm². Chini kiasi hicho, hata mchomo wa kundi 36 huhesabiwa kuwa hauchoki kabisa, kwani kanuni zile huacha kuhesabu uharibifu mkazo ukishuka chini ya 14 au 15 hivi kwa kundi hilo.

Msomaji, tafakari. Chuma kilekile, rodi zilezile, fundi yuleyule na bei ileile. Kugeuza sikio kwa robo mzunguko kungeokoa ule mkono. Kwa hivyo kupima uchovu hakuanzii kwenye mchomo. Kunaanzia kwenye swali: mzigo unakuja kutoka upande gani, na mara ngapi?

5. SIKIO LA BAHARINI

Usidhani haya ni makosa ya mafundi wa jua kali peke yao. Mnamo tarehe 27 Machi 1980, jukwaa kubwa la chuma lililoitwa Alexander L. Kielland lilikuwa katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Lilikuwa makao ya wafanyakazi wa mafuta. Lilikuwa na miguu mitano, likiunganishwa na mabomba makubwa ya chuma.

Kwenye bomba moja kulichomelewa kishikizo kidogo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Naam, sikio! Kishikizo hicho hakikubeba uzito wowote wa maana, kwa hivyo hakuna aliyekijali sana. Mchomo wake ulikuwa na kasoro. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, ishara kwamba ulikuwepo tangu jukwaa likiwa bado kiwandani. Mawimbi ya bahari yalilisukuma bomba lile mwaka baada ya mwaka, ufa ukasafiri kutoka kwenye mchomo wa kishikizo hadi ukalizunguka bomba kwa sehemu kubwa. Jioni hiyo bomba lilikatika, mengine yakafuata, mguu mmoja ukang'oka, na jukwaa likapinduka. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa.

Miaka kumi na minne baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, sehemu ya daraja la Seongsu mjini Seoul, Korea Kusini, ilianguka mtoni. Daraja lilifunguliwa 1979, na vyuma vyake vilikuwa na michomo isiyopenya vizuri. Magari yalipita juu yake kila siku hadi vyuma vikachoka. Watu 32 walikufa, wakiwemo wanafunzi waliokuwa ndani ya basi wakienda shule.

Mafunzo ni mawili. Kitu kidogo kilichochomelewa juu ya kitu kikubwa kinaweza kukiangusha kile kikubwa. Na mchomo mbaya hausemi siku ya kwanza, unangoja.

6. KUKAGUA

Huna maabara? Si neno. Ukaguzi wa kwanza ni macho na subira.

(a) Jiulize ni kiungo gani kinachotikiswa. Bawaba ya geti, sikio la bembea, mpini wa mkokoteni, kona za madirisha ya matatu, vidato vya kupandia. Grili ya dirisha iache.

(b) Tafuta mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka ukingoni mwa mchomo, au rangi iliyopasuka kwa mstari ulionyooka. Ufa unapofunguka na kufunga, huvuta maji ndani na kutema kutu nje.

(c) Ukishuku, fanya jaribio la mafuta ya taa na chaki. Kwangua rangi, safisha. Paka mafuta ya taa, ngoja kama nusu saa ili yaingie ndani. Futa juu pakauke kabisa. Kisha paka unga wa chaki nyeupe. Ukiwa upo ufa uliofika juu, mafuta yatarudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fanya hivyo mbali na moto, na kamwe si juu ya mchomo ulio moto. Kumbuka pia kwamba jaribio hili haliuoni ufa ambao bado umejificha shinani.

(d) Hesabu. Mara ngapi kwa siku? Mara ngapi kwa mwaka? Kitu kinachosukumwa mara kumi kwa siku kitafikisha mizunguko 3,650 tu kwa mwaka. Bembea hufikisha hiyo kwa saa tatu.

7. KUTENGENEZA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi anaona ufa, anawasha mashine, anapitisha mchomo mpya juu yake, rangi juu, kazi imekwisha. Lakini ufa bado uko chini, umefunikwa tu kama uchafu chini ya mkeka. Sasa umeongezewa mvuto mpya wa mchomo uliopoa.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza, watu waache kukitumia chombo. Pili, saga ufa kwa grainda mpaka uishe wote, ukipima tena kwa chaki. Tatu, chomelea upya kwa rodi kavu, moto upenye. Nne, laini ukingo wa mchomo kwa grainda ili kona ile kali iondoke. Kulainisha vizuri kunaweza kukiongezea kiungo uwezo wa mkazo kwa mara 1.3, na kwa kipeo cha tatu, maisha huongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini kulainisha juu hakusaidii mchomo ambao haukupenya shinani. Tano, na ndilo kubwa, ondoa sababu: geuza sikio, ongeza upana upande wa mzigo, au usichomelee kabisa. Bembea yaweza kushikwa kwa kamba ya chuma inayolizunguka bomba na kufungwa kwa bolti.

Kwa wenye magari, usichomelee kitu ovyo kwenye chesisi, hasa kwenye kingo zake za juu na chini. Hapo ndipo mkazo ulipo mwingi. Kumbuka lile sikio la baharini.

TAMATI

Nilimpelekea mzee fundi hesabu hizi kwenye daftari. Alizitazama, akachukua rula yangu, akaikunja upande huu, kisha upande ule. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe ni kugeuza tu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Miaka yote hii naambiwa nichome sana, niongeze rodi." Akanirudishia rula. "Sasa uniandikie hiyo ya nane hapa ukutani, na makaa."

Nikaiandika. Bembea ilirudi mwezi wa Februari, masikio yakiwa yamegeuzwa na kamba ya chuma ikilizunguka bomba. Kila mwisho wa mwezi sisi vijana wa ploti hupanda na chaki na mafuta ya taa.

Wahenga pia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli tupu, lakini kwa chuma tuongeze neno moja: kuufunika ufa si kuuziba.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Mtoto wa kilo 25 peke yake anabembea kwa saa tano kila siku kwenye bembea yetu ya kwanza (kundi 36). Itadumu siku ngapi?

2. Vijana wawili, kila mmoja kilo 50, wanasimama pamoja juu yake kwa saa tano kila siku. Itadumu siku ngapi?

3. Taja vitu vitatu nyumbani kwenu vilivyochomelewa na vinavyosukumwa kila siku. Kwa kila kimoja, mzigo unatoka upande gani?

Majibu: (1) Mkazo ni nusu, maisha ni mara nane: kama siku 276. (2) Mkazo ni mara mbili, maisha ni sehemu moja kwa nane: siku 4 hivi. (3) Inuka ukaangalie.